Liwa ya Golikipa

Bahiat alipewa goli kwa sababu ya viatu. Sababu nyingine hakuna, na wanaosema alizaliwa na kipaji wanasema hivyo kwa kuwa siku hiyo hawakuwapo. Tulikuwa wasichana wa shule huko Unguja, watoto wa Kingazija wa mtaa mmoja, na mwalimu wetu wa michezo, Mgoa mwembamba mwenye kifua cha kukohoa, alitupanga mstari akatutazama miguuni. Wengine tulikuwa na champali, wengine peku. Bahiat alikuwa amevaa buti za kaka yake, amezijaza vitambaa mbele zisimvuke.

"Wewe," mwalimu akasema, "golini."

Basi, ndiyo ikawa kazi yake. Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe, na kipa peke yake ndiye anayeruhusiwa kuupiga teke. Bila viatu vya maana, vidole vinabaki uwanjani. Siku ile alifungwa mabao mpaka tukachoka kuhesabu, na kila akifungwa alicheka, akauokota mpira, akaurudisha kwa adabu kana kwamba mgeni amesahau mwavuli. Mimi, Zaitoun, nilikuwa beki wake wa kulia siku hiyo, na sikuwahi kucheza mbele ya kipa mwingine. Kwa hiyo habari hizi hamzipati kwa mtu aliyesimuliwa na mtu.

Halafu ukaja wakati ambapo sisi Wangazija wa Unguja tulianza kuambiwa kuwa si wenyeji. Nyumba moja baada ya nyingine zikafunga virago, na tukajikuta Moroni, mji wa babu zetu, ambako kila tukifungua mdomo watu waliitana waje kusikia Kiswahili chetu. Wenzetu walirudi na dhahabu na makabati. Sisi tulirudi na magongo. Mtu wa forodha alipomuuliza mama yake Bahiat, Bi Moinahalima, yale mafimbo yaliyopinda ni ya nini, yule mama hakutikisika.

"Ni miko ya kusongea chakula cha harusi," akasema.

Mtu wa forodha akayatazama urefu wake, akameza mate, akauliza harusi ni lini.

Mji wa Moroni umekaa juu ya mawe ya volkano, na kiwanja chetu kilikuwa changarawe nyeusi tupu. Hapo ndipo Bahiat alipojifunza kazi. Kipa wa kwenye majani anatazama gongo la mpigaji akajua mpira unakokwenda. Kwenye changarawe kujua huko hakupo, maana mpira ukishapigwa bado haujaamua. Unagonga kijiwe unaruka, unagonga kingine unakata kona. Ilibidi autazame mpaka umfikie kabisa, bila kupepesa. Tulimshonea kinga za miguu kwa gunia na usufi, akawa anasimama pale amekunja magoti, kichwa kimeinama upande kidogo, utadhani anasikiliza umbea ukutani. Wapita njia walikuwa wanasimama barabarani kumtazama, wengine mpaka wanachelewa kazini.

Uhuru ulipokuja, na baada yake serikali ya vijana ya Ali Soilih, mambo yakageuka juu chini. Wasichana tukaambiwa tutoke nje, tuvue buibui, tufanye kazi, tucheze. Mtaa wetu ukapata mwenyekiti wa kamati ya vijana, Idarousse, kijana mwenye suruali pana miguuni na hotuba ndefu kuliko suruali. Hakujua lolote kuhusu magongo, lakini alijua kuomba nafasi, na ndiye aliyetupatia mechi Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, kwenye sherehe za uhuru. Mechi ya kwanza ya kweli katika maisha yetu. Tulicheza ngoma barabarani kama walioposwa.

Na kumbe mmoja wetu aliposwa.

Hapa lazima niwaeleze kidogo. Kwa Wangazija, mwenye neno juu ya msichana ni mjomba, na binti wa kwanza ndiye taji la ukoo: nyumba ni yake, mume anamfuata kwake, na harusi yake kubwa ndiyo inayoupa ukoo jina. Bahiat alikuwa wa kwanza, mwanamke mzima wa miaka ishirini na kitu, na mjomba wake, Mzee Salimou, aliishi kwa ajili ya siku hiyo. Serikali ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa za ng'ombe na dhahabu. Mjomba alisema atafanya ndogo, lakini ndogo yenye heshima. Mchumba alikuwa Mouridi, mtu wa Ntsoudjini, hapo kaskazini tu ya Moroni, ambaye alikuwa karani bandarini Mutsamudu. Mama yake Mouridi, Bi Moinafouraha, alikuja kumtazama msichana. Bahiat alikaa mkekani macho chini, akasema "Kwezi," salamu ya kumwamkia mkubwa, akajibiwa "Mbona," na hakusema neno jingine mpaka sinia likaondolewa. Bibi akaondoka ameridhika kupita kiasi.

Tangu siku hiyo Bahiat akawa mwari wa ndani. Mwari haonwi, na watu wasiotakiwa kumwona hata kisigino ni mchumba na mama mkwe. Mkwe akibisha hodi mlangoni, mwari anaingia hata chini ya kitanda.

Sasa fikirieni nyumba ile siku mjomba aliposikia habari ya Mutsamudu. Majirani wote tulikuwamo, hakuna aliyetaka kusimuliwa.

"Mutsamudu!" Mzee Salimou akasema. "Katika miji yote ya dunia, mnampeleka mwari kwenye mji anaokaa mchumba wake! Akakae katikati ya uwanja, amevaa magunia miguuni!"

"Mjomba," Bahiat akasema, "Mouridi yuko bandarini mchana kutwa. Hatakuja kutazama wasichana."

"Hapo ndipo unapokosea kuhusu wanaume," Bi Moinahalima akanong'ona, na nyumba nzima ikacheka.

Idarousse akasafisha koo. "Mzee wangu, mapinduzi yanamtaka mwanamke..."

"Mapinduzi yana mjomba?"

"Hapana, lakini..."

"Basi yakae kimya."

Bahiat hakulia, maana si mtu wa kulia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kuwa amesimama golini tangu mtoto, amefungwa na kila mtu, na kwamba sasa amejua kazi ndiyo anaambiwa aache. Aende mara hii moja. Mjomba alikuwa akimpenda sana, na hapo ndipo penye taabu.

"Nenda," akasema. "Lakini sikiliza. Mtu yeyote wa upande ule akikuona na hilo gongo, umemaliza. Hutasimama tena golini, si Mutsamudu, si Moroni, si uani. Nitayatia magongo yote chini ya sufuria. Na usipoonwa, tutazungumza."

Kwa hiyo golikipa wetu alikuwa anakwenda kucheza mbele ya mji mzima, kwa sharti la kutoonekana. Wengine tulikata tamaa. Bi Moinahalima akaenda kutafuta kipande cha msandali.

Mnajua liwa. Huko Ngazija wanaiita msinzano: mwanamke anasaga msandali kwenye jiwe kwa maji, anajipaka uso mzima, ikikauka anakuwa wa manjano kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevuni, na mama mzazi lazima amkaribie ili amjue. Wanawake wanashinda nayo sokoni, hakuna anayeuliza. Mpango ulikuwa rahisi: timu nzima tutapaka, pamoja na yeye mwenyewe atakayetusindikiza. Kati ya nyuso za manjano tupu, nani atajua ipi ya nani?

Tulipofika Mutsamudu kwa meli ya mizigo, nusu yetu tulikuwa manjano tayari kwa kutapika. Mji ule umebanana chini ya mlima, vichochoro vyembamba kiasi kwamba ukipishana na mtu mnasalimiana kwa lazima, na hewa yote inanukia mlangilangi. Walitupokea kwa matari, wakatugawana majumbani, wakatulisha mpaka tukaogopa kuinama. Mchana wa mechi tulikaa ukumbini tukasagiana msandali. Idarousse akaingia, akashtuka.

"Wananchi wa kike! Hii ni timu ya mapinduzi au ni shughuli ya kumtoa bibi arusi? Mambo haya ya kizamani usoni..."

"Mwanangu," Bi Moinahalima akamwambia bila kuacha kusaga, "mama yako anajipaka?"

"Anajipaka."

"Umemkataza?"

Idarousse akatazama dari.

"Basi lete kiti ukae. Na uwanjani usilitaje jina la huyu binti. Mwite Kipa. Ukisahau, nitakupaka na wewe."

Uwanja wa Mutsamudu ulikuwa na majani upande mmoja na udongo mwekundu upande mwingine, umeinama kidogo kuelekea baharini, na nyuma ya goli la mlimani kulikuwa na ukuta mrefu wa ghala la karafuu uliotupa kivuli. Huko ndiko wanawake wenye umri walikopanga viti vyao, wamejifunga shuka zao za shiromani, wanatafuna na kusema. Goli hilo likawa letu kwa kipindi cha kwanza. Mpira ulikuwa haujazunguka uwanja mzima nilipoisikia sauti nyuma yetu, na haikuwa ya Kinzuani, lugha ya kisiwa kile. Ilikuwa ya Kingazija cha kwetu.

"Kipa! Wewe, kipa wa Moroni! Mie mtu wa Ntsoudjini, jirani yenu kabisa. Nimekaa hapa peke yangu kati ya watu wa kisiwa cha watu, na wewe unampa mgongo mkubwa wako hata kumwamkia hakuna? Ndivyo mnavyofundishwa siku hizi?"

Nikageuka. Bi Moinafouraha. Baadaye tulijua kuwa alikuwa amekuja kumwangalia mwanawe, maana alisikia anakula mkahawani.

Sasa, mwari yeyote wa Kingazija, hata ukimwamsha usingizini, akiisikia sauti ya mkwe wake mwili unatangulia akili. Saandia, fowadi wao, mwanamke kutoka Patsy huko mlimani mwenye mabega ya kubebea kuni, alikuwa anashuka na mpira. Nikapiga kelele. Bahiat hakunisikia. Alikuwa ameshaliweka gongo chini, ameshageukia ukuta, ameshapiga magoti, glavu mbili amezikutanisha kwa adabu.

"Kwezi," akasema.

"Mbona, mwanangu, mbona," akajibiwa.

Na mpira ukampita pembeni ya sikio ukaingia golini.

Naapa sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mutsamudu nzima ilikuwa haijaona golikipa anafungwa amepiga magoti, mgongo uwanjani. Matari yakalia, na papo hapo wakatunga wimbo kuhusu kipa wa Moroni aliyekosea kibla. Huko pembeni Idarousse akafungua mdomo: "Bahi..." na Bi Moinahalima akauziba kwa kiganja kizima.

"Kipa!" Idarousse akamalizia kwenye kiganja.

Bahiat aliinuka. Chini ya liwa sikuweza kuona uso, macho tu. Hakucheka safari hii.

"Ni yeye," akaniambia.

"Najua ni yeye. Usigeuke tena."

"Ataniona sina adabu."

"Shoga, atakuona huna goli."

Bi Moinafouraha naye alikuwa ameshika mashavu. "Lo! Nimemfungisha mtoto wa watu!" Na kwa kuwa ni mwanamke wa haki, akaamua kulipa. Akavuta kiti chake karibu na mti wa goli, akawa jicho la pili la kipa. "Kushoto kwako! Anakuja yule wa Patsy! Mwache apige, mwache... Eee! Umeiona ile? Ameupiga teke kama anafukuza paka!" Bahiat alizuia kwa buti, kwa gunia, kwa gongo, mara moja kwa tumbo. Kila akizuia, sauti nyuma ilipanda. Na katikati ya mashambulizi, pale mpira ulipokuwa mbali, yule bibi alirudi kwenye mazungumzo na wenyeji wake, nami nasikia kila neno.

"Na wewe una binti huko kwenu?" mwanamke mmoja wa Mutsamudu akamuuliza.

"Nina mkwe. Mwanangu anaoa Moroni, ukoo mzuri. Mwari wa ndani kwelikweli, jua halimjui. Ukimwonyesha gongo kama hilo atakuuliza ni la kuchumia mapera."

Bahiat akainamisha kichwa.

"Basi una bahati," wakamwambia.

"Nina bahati," bibi akasema, kisha akavuta pumzi. "Lakini niwaambie kweli, kimya chake kinanitisha. Nilikaa naye alasiri nzima anatazama mkeka, utadhani amepoteza sindano. Mie napenda nyumba yenye watu na maneno. Laiti angekuwa na nusu ya damu ya huyu kipa... Kulia! Kulia kwako! Ahsante!" Akapiga makofi. "Wallahi ningekuwa na mwana wa pili, huyu ningemposa leo, hapa hapa, kabla ya magharibi. Mashahidi ni nyinyi."

"Tumesikia!" wakajibu kwa pamoja, wakicheka.

Wakati wa mapumziko tulibadilishana magoli. Goli letu sasa lilikuwa upande wa bahari, hakuna ukuta wala kivuli, jua linakaanga. Nikashukuru Mungu, nikamwambia Bahiat tumeachana na bibi. Nikatazama, nikamwona Bi Moinafouraha anakata uwanja katikati, amebeba kiti kichwani, na nyuma yake lile kundi zima la wanawake na viti vyao. Refa akapuliza kipenga wapishe. Wachezaji wakampisha bibi kwanza.

Kipindi cha pili Maanrifa, fowadi wetu, aliupata mpira ndani ya duara la goli lao na kuupiga hata kabla hajaulenga, ukapita kati ya miguu ya kila mtu. Tukawa sare, bao moja kwa moja. Sasa Mutsamudu wakaacha kuimba wakaanza kucheza. Jua lilipiga, jasho likamwagika, na liwa ya watu wote ikaanza kuteremka. Wengine tulijifuta tukaendelea. Bahiat hakuweza. Ilimtiririkia machoni, msandali na chumvi, akawa anapepesa, anapepesa. Alizuia mpira mmoja kwa kusikia tu. Nilimwona anapapasa mti wa goli kujua alipo.

Kisha Mouridi akatokea. Alikuja na dafu kwa ajili ya mama yake, shati la kazi, kalamu mfukoni, akasimama nyuma ya kiti chake, hatua chache tu kutoka kwa mchumba wake. Bahiat alimwona kama kivuli cha manjano, akaniuliza, "Nani yule?"

"Muuza madafu," nikasema. Ungesema nini wewe?

Dakika za mwisho ndizo zilizotuua. Saandia akapiga, Bahiat akautema, na beki wetu wa kushoto, msichana wa Vouvouni, akaona mpira unavuka mstari akausimamisha kwa mguu. Beki haruhusiwi mguu. Refa akanyoosha mkono: penalti. Saandia na kipa peke yao, mpira umetulia, na kipa hatakiwi kusogeza unyayo mpaka uguswe.

Bahiat alisimama kwenye mstari, machozi ya manjano yanamtiririka. Saandia akalishika gongo. Bahiat akainua mkono kwa refa kuomba subira, akashika pindo la leso aliyojifunga kiunoni.

Pembeni ya uwanja Bi Moinahalima aliona. Akatikisa kichwa. Akatikisa mkono. Akatikisa mwili mzima. Usifute! Mimi nilijua anachokipima Bahiat. Akifungwa kwa upofu, atarudi Moroni hajaonwa na mtu, na mjomba atazungumza. Akijifuta, anawaona wote, na wote wanamwona, na magongo yanakwenda chini ya sufuria.

Akanitazama, kama mtu anaweza kutazama kwa macho yale. "Zaitoun," akasema, "siwezi kusimama hapa nikawa sioni."

Akajifuta. Akajifuta vizuri, paji, macho, mashavu, akaikung'uta leso, akaifunga tena kiunoni. Nyuma yake nikasikia kiti kinalia.

Saandia akausukuma mpira juu, mkono wa kulia, mpira wa haki kabisa. Bahiat aliutazama kama alivyotazama maelfu yake kwenye changarawe, mpaka umfikie, kisha akautupa mkono wenye glavu. Mpira ukagonga kiganja, ukagonga mti wa goli, ukatoka nje, ukasimama mbele ya miguu ya Bi Moinafouraha.

Kipenga cha mwisho. Hakuna aliyeshangilia. Hata matari yalinyamaza, kwa sababu yule bibi alikuwa amesimama, amenyoosha kidole, na wenyeji wake walishaanza kuelewa.

Bahiat akageuka. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe.

"Usithubutu!" Bi Moinafouraha akapaza sauti. "Usithubutu kupiga magoti! Mara ya kwanza ulipopiga tulifungwa!"

Kicheko kilianzia kwenye viti, kikazunguka uwanja. Mwanamke mmoja wa Mutsamudu akaita: "Bibi wa Ntsoudjini! Huyo ndiye mwari wako asiyejulikana na jua?" Mwingine: "Magharibi bado! Uliahidi kuposa, mashahidi ni sisi!"

Bibi alibadilika rangi. Angeweza kuondoka. Wakwe wengi wangeondoka, na ndoa ingeishia pale. Alimgeukia mwanawe apate msaada, akamkuta Mouridi anatabasamu mpaka masikioni, dafu linamwagika viatuni.

"Na wewe unacheka nini? Umejua ni yeye?"

"Nimejua tangu mlangoni, mama. Nilikuwa nampitia Moroni kila siku kwenye changarawe, kabla sijahamishiwa huku. Nilichelewa kazini kwa ajili yake." Akainamisha kichwa. "Mie ndiye niliyekuomba ukampose. Unafikiri nilimwona wapi?"

"Na hukuniambia!"

"Uliniambia mwari haonwi. Nikaogopa."

Bi Moinafouraha akatazama mbingu, kisha akamtazama Bahiat, uso nusu manjano nusu wake. Akajifungua leso yake ya mabegani, akamtunza nayo mbele ya mji mzima kama anavyotunzwa mchezaji ngoma bora, akamfunga shingoni. "Haya, enyi watu wa Mutsamudu," akasema, "mlikuwa mnasema nini? Wenu yuko wapi? Nionyesheni mkwe mwingine aliyezuia ile!" Hapo ndipo matari yalipolia, na sisi tukalia, na Saandia akaja kumkumbatia Bahiat mpaka usufi ukatoka kwenye magunia.

Lakini mwenye neno alikuwa Moroni. Na habari zilitutangulia, sijui kwa ndege au kwa pepo. Mzee Salimou alikuwa gatini amevaa joho, fimbo mkononi. Bahiat alishuka akiwa amelibeba gongo lake wazi wazi, hakulificha. Kabla mjomba hajafungua mdomo, Bi Moinafouraha, aliyekuwa amepanda meli nasi akatapika njia nzima, akampita mwari akasimama mbele ya mjomba.

"Mzee Salimou, nimekuja kwa posa."

"Posa gani? Ulishaposa. Na sasa najua umeshaona mambo, nakuomba radhi kwa niaba ya ukoo..."

"Ile naifuta. Niliposa msichana anayetazama mkeka. Simtaki. Namposa golikipa."

Mzee Salimou akaegemea fimbo.

"Na akivunjika meno?"

"Mwanangu atamtafunia."

Watu wakaangua kicheko, lakini mjomba hakucheka. Alikuwa ametoa neno mbele ya majirani, na neno la mjomba halirudishwi kwa mzaha wa gatini. Tukamfuata nyumbani kundi zima, wa mtaani na wa melini, Idarousse akiwa mbele kana kwamba ni maandamano yake. Uani wanawake wakaanza kupakua wali. Mjomba hakukaa.

"Wamesema umezuia," akamwambia Bahiat. "Mimi sijaona. Nimekukataza kitu ambacho hata sijawahi kukitazama. Simama pale."

"Wapi, mjomba?"

"Pale, kati ya birika la kuchotea maji na mlango wa jiko. Lete gongo moja, Zaitoun. Hivi ndivyo linavyoshikwa?"

Nikamwonyesha. Akapiga wa kwanza, ukamgonga kuku. Akapiga wa pili, Bahiat akauweka chini ya buti. Akavua joho. Akapiga tena, Bahiat akauzuia kwa gongo, kwa upole, kwa heshima, lakini akauzuia. Nilidhani atamwachia mmoja, mjomba wake yule, mwenye neno. Hakumwachia hata mmoja. Mzee akavua kofia akampa Bi Moinahalima aishike. Jasho likamtoka, ndevu zikashikamana, na kila mpira uliporudi miguuni mwake alitoa sauti ambayo mwanzoni sikuitambua. Alikuwa anacheka.

"Wali unapoa, mzee," Bi Moinafouraha akamwambia.

"Uacheni upoe. Karibu nilimfunga."

"Hukukaribia hata kidogo."

"Kesho atarudi kiwanjani afanye mazoezi," Mzee Salimou akasema bila kumtazama mtu, akiupanga mpira vizuri kwa ncha ya gongo, "maana hawezi kuolewa amelegea. Ntsoudjini watasema nini? Zaitoun, toka hapo, unanizuia njia. Bahiat, jiandae."

Bahiat akakunja magoti.